Mtoto wa ziwani hazaliwi anajua kuogelea

Hapa Nansio, kisiwani Ukerewe, ukimuuliza mzazi ni nani aliyemfundisha mwanawe kuogelea, atakushangaa. Mtoto wa ziwani afundishwe na nani? Kuogelea anako damuni! Imani hii inatumalizia watoto, na ni uongo mtupu.

Nenda mwaloni jioni uwatazame. Kila mmoja kakumbatia dumu tupu la lita 20, anapiga miguu na kucheka. Kinachoelea pale ni dumu. Mfuniko ulishapotea, limezibwa kwa nailoni, na maji yanaingia kidogo kidogo. Likimponyoka mtoto, usitegemee kelele. Anayezama mdomo uko usawa wa maji, pumzi ya kuita hana. Wenzake watadhani anapiga mbizi.

"Mbona sisi tulikua hivyo hivyo?" Wanaosema hivyo ni waliopona.

Hata anayejua kuogelea, amejulia kandokando ya mwalo, mchana, miguu ikigusa mchanga. Mtumbwi ukipinduka usiku, nguo zimelowa na mawimbi yanampiga usoni, hayo ni mambo mengine kabisa. Tarehe 20 Septemba 2018, kivuko cha MV Nyerere kilitoka Bugolora kwenda kisiwa cha Ukara kikiwa kimejaza kupita uwezo wake, kikapinduka kilipokaribia gati la Bwisya, nchi kavu ikionekana kwa macho. Walikufa zaidi ya watu 220. Kuna walionaswa ndani, na hao kuogelea kusingewafaa kitu. Lakini baada ya msiba ule, sielewi mtu wa Ukerewe anapata wapi ujasiri wa kusema jaketi okozi ni la wageni. Bado wavuvi wetu wa dagaa wanalikalia, au wanaliacha nyumbani. Jaketi huvaliwa kabla ya kung'oa nanga. Ukishatumbukia, kulivaa ni shida kubwa.

Shirika la Afya Duniani linashauri watoto wa shule wafundishwe kuogelea na kuokoa bila kujihatarisha. Bangladesh wamefanya hivyo vijijini: wamejenga majukwaa ya mianzi ndani ya madimbwi, mtoto anajifunzia humo chini ya uangalizi. Sisi miti tunayo na maji ya kina kifupi tunayo. Najua nitaambiwa kuhusu kichocho. Kichocho kipo, na dawa zake hugawiwa shuleni, lakini watoto hawa wanashinda majini kila siku, tuwafundishe tusiwafundishe.

Na wakati shule zinajipanga, kila mwalo uwe na dumu tupu lenye mfuniko wake, kamba ya mita 20, na vijana waliozoezwa kulitupa badala ya kujirusha majini. Anayezama humng'ang'ania anayemfuata na kumdidimiza, ndiyo maana mara nyingine tunazika ndugu wawili siku moja. Hilo halihitaji mfadhili. Kamati za vikundi vya usimamizi wa uvuvi mwaloni (BMU) zinaweza kulianza wiki hii.