Raha ya Barabara Ipi?

Mwandishi mmoja gazetini ametoa hukumu: gari bovu kuliko yote duniani ni Land Rover ya zamani, kwa kuwa inavuja oili, inabugia mafuta na haina raha.

Inavuja, kweli. Ongeza oili, anayesafiri bila dumu ajilaumu mwenyewe. Inabugia mafuta, kweli tena. Lakini tangu 1948 bodi yake ni ya aluminiamu, haishikwi na kutu, na springi ikikatika inafungwa palepale njiani.

Kichekesho ni hilo la raha. Raha ya barabara ipi? Apande kutoka Engare Sero, kando ya Ziwa Natron, hadi Digodigo. Makorongo yatamfundisha kwamba sponji ya kiti haivushi gari. Mwaka 2011 watu walipofurika Samunge, jirani na Digodigo, kufuata kikombe cha dawa cha mganga Babu Ambilikile Mwasapile, swali lilikuwa moja: tutafika?

Gari bovu ni lisilofika. Nyayo Pioneer ya Kenya ilizinduliwa 1990 kwa mbwembwe, na haikufika hata dukani. Mbona hiyo hakuitaja? Au nayo ilikuwa na viti laini?