Kuwasha Si Kupona

Juzi nilikwenda saluni moja jijini Dar es Salaam, kusuka nywele tu. Fundi akanishika kidevu, akaugeuza uso wangu kwenye mwanga na kutoa hukumu: "Dada, damu yako haifiki usoni. Tukufukize, tukusugue, tukupake ya kuchochea damu. Ikiwasha usiogope, ndiyo inafanya kazi." Pembeni yangu binti mmoja alikuwa kajifunika taulo juu ya beseni la maji ya moto, machozi yanamtoka. Nililipa za nywele nikaondoka na hasira ambayo haijanitoka mpaka leo.

Nani kasema damu haifiki usoni? Moyo wa mtu mzima aliyetulia husukuma takriban lita 5 za damu kila dakika, na uso una mishipa tele. Muulize yeyote aliyejikata wembe akinyoa ndevu. Ingekuwa haifiki, nyama ya shavu ingeoza.

Ukiisugua na kuichoma ngozi, mishipa hutanuka kwa sababu umeiumiza. Damu hukimbilia pale kama majirani wanavyokimbilia nyumba inayoungua, na moto ukizimika hutawanyika. Kuwasha si kupona. Kuwasha ni ngozi kupiga yowe. Tena ngozi nyeusi haisahau: ikiumizwa huacha baka linaloweza kukaa miezi, na joto huzidi kulikoleza.

Wanaosuguliwa wananijibu, "Mbona nikisuguliwa uso unang'aa?" Hata aliyezabwa kofi shavu humwaka. Tufungue basi saluni za makofi!

Mabaka yakishatokea, binti huyohuyo anauziwa mkorogo wa kung'arisha ngozi. Mikorogo mingi imechanganywa steroidi kali kama clobetasol, dawa ambayo huibana mishipa ya damu. Anayekuhubiria damu izunguke ndiye anayekuuzia cha kuizuia! Ukiizoea mikorogo hiyo, ngozi huwa nyembamba na vijishipa huchomoza mashavuni. Mingine ina zebaki, iliyopigwa marufuku kwenye vipodozi nchini, nayo huharibu figo.

Na redio zetu? Kila mwenye kichupa kisicho na lebo anapewa kipaza sauti. Pale hospitali ya KCMC, Moshi, kuna kituo kinachofundisha wataalamu wa ngozi tangu 1992, lakini mimi sijasikia hata mmoja wao akialikwa kwenye kipindi cha asubuhi.

Anayeitakia damu yake mema atembee kwa miguu, aache sigara, maana nikotini hubana mishipa, na ajikinge na jua. Uso aunawe taratibu, aupake mafuta, auache upumzike.

Yule binti sikumwambia neno, na hilo ndilo linaloniuma kuliko yote. Namwambia leo: mwanangu, toa hilo taulo. Nawa maji ya baridi, urudi nyumbani. Damu yako ilishafika usoni kabla hujaingia saluni.