Shetani Hayumo Katika Shauri Hili

Miongoni mwa imani zilizokita mizizi Rongai na viunga vyake, kuanzia mashamba ya mahindi na katani hadi mitaa ya Nakuru mjini, ipo ile inayodai kwamba Wamormoni, yaani waumini wa Kanisa la Yesu Kristo la Watakatifu wa Siku za Mwisho, ni waabudu shetani waliojificha ndani ya mashati meupe. Imani hiyo haina msingi, na ubaya wake haukomei kwenye kuwasingizia watu wasio na hatia, kwa kuwa humnyima hata yule anayeishikilia nafasi ya kuuliza swali lolote la maana kuhusu dini anayoilaani.

Uvumi huu umewahi kupigwa muhuri wa dola. Serikali ya Kenya ililisajili kanisa hilo mwaka 1991, kisha mwaka 1994 serikali hiyohiyo ya Rais Daniel arap Moi, ambaye makazi yake ya Kabarak yamo Rongai, iliunda tume ya kuchunguza ibada za shetani chini ya Askofu Mkuu wa Kikatoliki Nicodemus Kirima wa Nyeri. Ripoti ya tume hiyo, iliyotolewa mwaka 1999, ilisimulia kafara za binadamu, ulaji wa nyama za watu na maajabu mengine, ikadai kwamba waabudu shetani wamejipenyeza katika madhehebu yenye asili ya kigeni, wakiwemo Wamormoni na Mashahidi wa Yehova, na kuyageuza kuwa milango ya ushetani. Hivyo kanisa lililopewa cheti kwa mkono mmoja lilipakwa tope kwa mkono wa pili, na aliyeongoza kazi ya kulipaka alikuwa kiongozi wa dhehebu linaloshindana nalo kutafuta waumini, hali ambayo katika shauri lolote la shamba au la ng'ombe ingetosha kumwondoa mzee wa baraza kwenye kiti chake. Wavumi hupenda kujikinga kwa methali ya lisemwalo lipo, wakasahau kwamba mengi husemwa kwa sababu tu yameshawahi kusemwa.

Shaka ya kila siku, hata hivyo, haitoki katika ripoti. Inatoka katika kikombe. Joseph Smith, aliyeliasisi kanisa hilo katika jimbo la New York nchini Marekani mwaka 1830, alitangaza mwaka 1833 mafundisho ya afya yaitwayo Neno la Hekima, ambayo hukataza pombe, tumbaku na vinywaji vya moto, maneno ambayo viongozi wa kanisa waliyafasiri kuwa ni chai na kahawa. Katika nchi ambako mgeni hahesabiwi kuwa amekaribishwa mpaka amiminiwe chai ya maziwa, tena katika Bonde la Ufa lisilo mbali na mashamba ya chai ya Kericho, kukataa kikombe hukaribia kukataa udugu, na mwenye nyumba hubaki akijiuliza mgeni huyu anaogopa nini. Haogopi kitu, anashika mwiko wa dini yake, kama Mwislamu asiyegusa busaa au Msabato wa Kisii anayejiepusha na majani ya chai, ambao hakuna anayewazushia kafara. Mmormoni huyohuyo akiandaliwa mursik, maziwa ya Wakalenjin yanayochachuliwa katika kibuyu kilichosuguliwa kwa mkaa, hana mwiko wa kumzuia. Isitoshe, waumini hao hufunga Jumapili ya kwanza ya kila mwezi, wakaacha milo miwili na kutoa thamani yake iwafae maskini, na ni vigumu kuona shetani anafaidika na nini hapo.

Tuhuma ya pili hulenga ubatizo wa wafu, ibada ambayo muumini aliye hai huzamishwa majini kwa niaba ya jamaa aliyefariki bila kubatizwa, kwa itikadi kwamba roho ya marehemu itakuwa na hiari ya kuukubali au kuukataa ubatizo huo. Wanaouita uitaji wa mizimu wangepaswa kuwa wa mwisho kushangaa, kwa maana jadi ya Wakalenjin ni kumtajia mtoto mchanga majina ya wazee waliokufa, moja baada ya jingine, mpaka apige chafya na kuonyesha amerithi jina la nani. Jamii inayojua kwamba ukoo haukatizwi na kaburi ina kila sababu ya kuielewa ibada hiyo, hata kama itaikataa.

Usiri wa hekalu nao umekuzwa kupita kiasi. Hekalu la Nairobi lililowekwa wakfu Mei 2025 hufungwa kwa wasio waumini, na hata kwa waumini wasiopata kibali cha viongozi wao, lakini umma uliruhusiwa kulitembelea kabla ya kuwekwa wakfu. Ni kweli kwamba Smith alijiunga na chama cha Freemason mwaka 1842 na kwamba ibada za hekalu alizozianzisha wiki chache baadaye zinafanana kwa sehemu na zile za chama hicho. Ila kufanana kwa ishara na viapo ni suala la historia, na halithibitishi kafara.

Kuhusu wake wengi, kanisa lilitangaza kuachana na desturi hiyo mwaka 1890, na leo mwanamume mwenye wake wawili, ambaye Sheria ya Ndoa ya Kenya ya mwaka 2014 inamtambua kupitia ndoa ya kimila, hawezi kubatizwa humo.

Yapo maswali mazito, nayo hayamhitaji shetani. Wamormoni hufundisha kwamba Mungu Baba ana mwili wa nyama na mifupa, na kwamba Baba, Mwana na Roho Mtakatifu wametengana kwa dhati ingawa nia yao ni moja, fundisho lisilopatana na ungamo la Nikea la mwaka 325. Vatikani ilitamka mwaka 2001 kwamba ubatizo wao si halali. Kitabu cha Mormoni husimulia watu waliohama Yerusalemu kwenda Amerika yapata mwaka 600 kabla ya Kristo, safari ambayo akiolojia haijaipatia ushahidi. Zito kuliko yote kwa msomaji Mwafrika ni kwamba tangu Brigham Young, aliyemrithi Smith katika uongozi, alipotangaza marufuku mwaka 1852 hadi Juni 1978, mwanamume mweusi alinyimwa ukuhani, yaani mamlaka ya kuendesha ibada ambayo mwenzake mweupe aliyapata tangu ujana wake. Kenya ilikuwa huru kwa zaidi ya miaka 14 marufuku hiyo ilipoondolewa. Joseph Sitati, mzaliwa wa Bungoma, aliingia katika uongozi mkuu wa kanisa mwaka 2009, na mwaka 2013 kanisa lilikana nadharia kwamba ngozi nyeusi ni alama ya laana, lakini halijaomba radhi rasmi.

Vijana wawili wenye beji nyeusi vifuani wakibisha hodi Rongai, mwenye nyumba asikemee mapepo. Awaulize kuhusu mwaka 1978.