Wakala wa kura hateuliwi mkesha wa uchaguzi

Vyama vya kisiasa nchini hutumia miezi kadhaa kusaka wagombeaji na wiki nyingi kuzozania kura za mchujo. Mtu atakayekesha akitazama kura zikihesabiwa, hata hivyo, aghalabu hutafutwa dakika za mwisho. Huwa ni kijana aliyekuwa karibu na afisi ya chama siku hiyo, au jamaa ya diwani. Hupewa barua, huapishwa kutunza siri, kisha huachiwa kazi ambayo hajaelezwa.

Sheria ya Uchaguzi ya 2011 inaruhusu chama kuteua wakala mmoja katika kila kituo kwa niaba ya wagombeaji wake. Kisipofanya hivyo, mgombeaji wake anaweza kujichagulia wakala. Mgombeaji huru naye ana haki ya kuwa na wake.

Ugumu umo katika hesabu. Uchaguzi wa 2022 ulikuwa na vituo 46,229. Wakala akilipwa Sh1,000 pekee, chama kitahitaji zaidi ya Sh46 milioni, kabla ya nauli na chakula. Vyama vidogo havina uwezo huo. Vikubwa vinao, ila afadhali helikopta, kwa maana hiyo huonwa na umati.

Huenda wakuu wa vyama hudhani kuwa pengo hilo litazibwa mahakamani. Wanajidanganya. Kanuni za Uchaguzi za 2012 zasema wazi kuwa wakala akikosekana, au akikataa kutia sahihi fomu ya matokeo, hilo pekee halibatilishi matokeo. Anayekataa anatakiwa kuandika sababu zake. Kwa hivyo wakala anayeondoka kwa hasira, bila kuandika neno, huwa hajamsaidia aliyemtuma. Aliyefunzwa angeomba kura zihesabiwe upya papo hapo, jambo linaloruhusiwa hadi mara mbili, na asingetoka bila nakala ya fomu.

Uzito wa kituo uliongezeka 2017, Mahakama ya Rufaa ilipoamua kuwa matokeo ya urais yanayotangazwa katika eneobunge ni ya mwisho na hayawezi kubadilishwa Nairobi. Septemba 1 mwaka huo, Mahakama ya Juu ilibatilisha uchaguzi wa urais. Miongoni mwa dosari ilizotaja ni kuwa mshindi alitangazwa kabla ya Fomu 34A za vituo vyote kupokewa.

Mnamo 2022, Tume Huru ya Uchaguzi na Mipaka (IEBC) iliweka fomu hizo kwenye tovuti, na kila Mkenya mwenye simu akaweza kujijumlishia. Wako waliosema basi kazi ya wakala imekwisha. Hoja hiyo ina kasoro. Tovuti huonyesha tarakimu zilizoandikwa. Haionyeshi jinsi karatasi zilivyopangwa mezani. Alama ikiwa imepita mstari kidogo na karatasi ikatupwa kwenye rundo la kura zilizokataliwa, fomu itaandika idadi tu. Anayeweza kupinga ni aliyekuwapo chumbani, saa nane usiku, taa ikififia, akiwa bado macho.

Kuelekea uchaguzi wa Agosti 2027, mazungumzo ya vyama yametawaliwa na miungano na wagombeaji wenza. Orodha za mawakala, kituo kwa kituo, pamoja na ratiba ya mafunzo yao, hazitajwi.