Mashine ipo, goti la mama halipimwi

Mhariri,

Mama yangu ana miaka 71. Amechuma majani chai kwenye miteremko ya Chinga, huku Othaya, tangu nikiwa mtoto wa kubebwa mgongoni. Goti lake la kulia lilipovimba mwaka jana tulimpeleka hospitali ya umma. Akapigwa eksirei, tukaambiwa mifupa imesagika kwa ajili ya umri, akapewa vidonge vya maumivu. Wiki sita baadaye tukarudi: eksirei nyingine, vidonge vilevile. Mara ya tatu nilimwonyesha mhudumu uvimbe laini nyuma ya goti, kama yai la kuku. Hakuugusa. Alisema ni baridi ya Julai, mama apake dawa ya kuchua.

Chumba cha altrasaundi kilikuwa mlango wa pili kutoka benchi tuliloketi. Mlangoni palibandikwa karatasi: wajawazito pekee.

Usiku mmoja shavu la mguu likafura, likawa la moto. Tulihofia damu imeganda kwenye mshipa, na hilo huua. Tulikodi gari hadi kliniki ya kibinafsi, nikalipa shilingi 4,500. Daktari wa picha alimpaka mama jeli, akapitisha kichwa cha mashine kutoka kwenye kinena kwenda chini, akibonyeza mshipa kila hatua. Mshipa wenye damu iliyoganda haubonyei. Wa mama ulibonyea. Kisha akageuza kioo ili mama aone doa jeusi nyuma ya goti. Mfuko wa maji ulikuwa umepasuka, maji yakateremkia shavuni. Haikuchukua nusu saa. "Kumbe ni maji, mwanangu," mama alisema, akashusha pumzi niliyoona ameizuia kwa miezi.

Huu si ugonjwa wa ajabu. William Morrant Baker, daktari mpasuaji wa Uingereza, aliueleza mwaka wa 1877, na hadi leo uvimbe huo unaitwa kwa jina lake. Altrasaundi huuona vizuri, sawa na maji yaliyojaa ndani ya goti na kano iliyochanika juu au chini ya kifuu cha goti. Haina mionzi. Daktari anaweza hata kuitumia kuongoza sindano anapofyonza maji hayo. Eksirei huonyesha mfupa, na kwa mifupa iliyosagika ndiyo ya kuanzia. Maji na kano ni kazi ya altrasaundi.

Sidai kila goti lipigwe altrasaundi. Kano zinazopishana katikati ya goti, ambazo vijana wetu huzikata wakicheza kandanda, altrasaundi haizioni ipasavyo. Hao wanahitaji MRI. Na kliniki inayomtoza mzee pesa za skani bila kumkagua goti kwa mkono inamwibia.

Lakini kuanzia mwaka wa 2015 serikali kuu ya Kenya ilikodisha vifaa vya picha kwa hospitali mbili katika kila kaunti, altrasaundi zikiwemo, na kaunti zikawa zinakatwa mamilioni ya shilingi kuvilipia. Hizo ni pesa zetu. Iweje mashine iangalie tumbo tu, huku wachuma chai na wakulima wa kahawa wa Mukurwe-ini, watu waliopanda na kushuka milima maisha yao yote, wakimeza vidonge vinavyochoma tumbo na kuumiza figo?

Naomba idara za afya za Nyeri, Kirinyaga, Embu, Tharaka Nithi na Meru ziwafunze wapigaji picha wao kazi ya viungo, zinunue kichwa cha mashine cha kuangalia vitu vilivyo karibu na ngozi pale ambapo hakipo, na zitenge hata siku moja ya magoti kwa wiki katika hospitali za Karatina, Kerugoya na Chuka. Aliyepigwa picha aelezwe matokeo kwa lugha anayoielewa.

Mama ana miadi mwezi ujao katika hospitali ileile. Kwenye kadi yake wameshaandika: eksirei ya goti.

Msomaji wako,
Othaya, Nyeri