Pamba si theluji

Watu wangu wa Katilu, kila Desemba mnabandika pamba kwenye mti wa plastiki, mnawaambia watoto ni theluji. Theluji gani na hili jua? Halafu Majilio, Jumapili nne za kungoja, tunaziruka tunaenda moja kwa moja kwa soda na chapati.

Chukua bakuli, jaza mchanga wa Turkwel, simamisha mishumaa minne. Jumapili ya kwanza mtoto awashe mmoja, ya pili miwili, hivyo hivyo. Ni ghali? Basi mmoja tu, uwashwe mara nne. Desemba 6 mwambie Nikolao alikuwa askofu, si mzee wa matangazo.

Na Juni 3 je? Kizito alichomwa Namugongo mwaka 1886 akiwa na miaka kama 14. Mtoto wako wa gredi ya nane anamjua Santa, Kizito hamjui.

Mtaniambia hiyo ni kazi ya katekista. Kwani katekista ndiye anawalaza hao watoto usiku?