Ratiba isiwanyime watoto matembezi

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa huu wa barua za wasomaji ili nami nitoe dukuduku langu juu ya tabia ya kupanga matembezi ya familia dakika kwa dakika, kama kwamba watoto wanakwenda kwenye gwaride.

Mwaka 2025 binti yangu na mumewe, ambao wanafanya kazi Marekani, walinialika nikawaone wajukuu. Walinipeleka Florida, kwenye viwanja vya burudani vya Walt Disney World vilivyo karibu na mji wa Orlando. Huko kulifunguliwa tarehe 1 Oktoba 1971 kwa kiwanja kimoja, na sasa viko vinne vikubwa, kila kimoja kinatosha kummaliza mtu miguu kwa siku nzima. Umati wa watu ni mkubwa mno, na jua la Florida halina tofauti na la Dar es Salaam mwezi wa Februari.

Mkwe wangu ni kijana mwema na mchapa kazi, sina ugomvi naye hata kidogo. Lakini alikuwa na karatasi. Chakula alikiwekea nafasi siku 60 kabla ya safari. Michezo aliichagua kwa simu siku kadhaa kabla, akiamka mapema kuisubiri saa moja kamili asubuhi, maana ndipo nafasi zinapofunguliwa. Katika karatasi ile kila jambo lilikuwa na saa yake, na mimi mzee nilikuwa nimetengewa dakika 15 za kukaa kitako.

Siku ya pili tuliingia katika kiwanja kiitwacho Animal Kingdom, kilichofunguliwa mwaka 1998. Humo wenzetu wamejenga kijiji cha kuigiza Afrika Mashariki na kukiita Harambe. Waliokibuni waliitazama miji yetu ya pwani, Lamu ikiwamo. Kuta zimechujuka rangi makusudi ili zionekane za zamani (kwetu huchujuka zenyewe bila gharama), na maandishi ya Kiswahili yako huku na huku. Mahali pamoja pameandikwa Uhuru, na mwaka 1961.

Wajukuu zangu wamezaliwa huko huko na Kiswahili hawakijui zaidi ya salamu. Yule wa miaka sita akanivuta shati, akauliza: "Babu, hapa pameandikwa nini?" Nikamsomea. Akauliza uhuru ni nini. Ndugu Mhariri, tangu nifike Marekani hiyo ilikuwa mara ya kwanza mtoto yule kuniuliza jambo ambalo baba yake hakuwa na jibu lake tayari katika simu. Mwaka 1961 mimi nilikuwa mtoto wa umri wake. Nikachuchumaa, nikaanza kumweleza jinsi baba yangu alivyotuamsha usiku ule wa Desemba, na ndugu zake wawili nao wakasogea kusikiliza.

Hapo hapo simu ikalia. "Baba, saa yetu imefika," mkwe akasema. Ilikuwa zamu yetu ya kupanda lori la kutazama wanyama, safari ambayo wameipa jina la Kilimanjaro. Tukainuka tukaenda mbio. Twiga niliwaona, tembo niliwaona, na watoto walifurahi. Baadaye ndipo nilipofahamu kwamba ukishapewa saa, nafasi hiyo inakungoja kwa muda wa saa nzima. Tungeweza kumaliza mazungumzo yetu. Lakini mbele ya lori palikuwa na chakula, mbele ya chakula mchezo mwingine, na kila kimoja kilimsukuma mwenzake.

Wapo watakaosema dawa ni kuitupa karatasi na kwenda hivi hivi. Mimi sikubaliani nao. Tulipita mbele ya familia zilizokwenda hivi hivi, nikawaona akina mama wamebeba watoto waliolala, wamesimama foleni wala hawajui itafika lini. Asiyepanga kabisa katika umati ule atalipa pesa nyingi ili aone migongo ya watu. Tiketi ya mtu mmoja kwa siku moja hupita dola 150 wakati wa msongamano. Nani atathubutu kubahatisha?

Wala tusiwalaumu wazazi peke yao. Mwaka 1999 wenye viwanja walianzisha karatasi za bure za kumwezesha mtu kurudi saa fulani bila kukaa foleni ndefu. Ilionekana nafuu, lakini viti vya mchezo ni vile vile: anayepitishwa mbele humchelewesha aliye nyuma. Basi kila mtu akalazimika kuzikimbilia, na baadaye kuziwekea nafasi siku nyingi kabla. Tangu mwaka 2021 njia hiyo ya haraka inalipiwa. Asiyepanga anamwachia nafasi aliyepanga, na aliyepanga hathubutu kupumzika.

Tena kuna suala la likizo. Sheria yetu ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mfanyakazi siku 28 za likizo yenye malipo kwa mwaka. Marekani, nchi tajiri kama ile, sheria ya taifa haimlazimishi mwajiri wa kampuni kutoa hata siku moja. Mkwe wangu alikuwa na siku tano. Mtu mwenye siku tano atazihesabu kama mchele wa mwisho debeni.

Kwa hiyo maoni yangu ni haya. Mzazi apange mambo mawili au matatu ambayo watoto wanayataka kweli, ayafanye asubuhi na mapema kabla umati haujajaa, na mahali pa kula pajulikane. Saa za mchana aziache wazi. Mtoto akitaka kutazama bata nusu saa, na atazame. Mvua za Florida za mchana wakati wa kiangazi hazisomi karatasi ya mtu. Ilitunyeshea siku ya tatu, radi zikapiga, michezo ya nje ikasimamishwa, na chini ya paa moja ndipo nilipopata kumaliza hadithi yangu ya mwaka 1961. Mkwe wangu naye alisikiliza, ingawa alikuwa akiitazama saa.

Sasa wanatarajia kuja Morogoro. Mkwe ameshaniandikia kuuliza ratiba. Nimemtajia saa ya treni kutoka Dar es Salaam, na kwamba nitakuwapo stesheni.

Babu wa Wajukuu Watatu,
Morogoro.